Mwenzako Akipiga Neti, Wewe Unafanya Nini?

Tulikuwa 19 kwa 19, gemu ya tatu ya badminton, wawili kwa wawili, katika ukumbi mmoja hapa Nairobi. Mwenzangu alikuwa anaanzisha. Akapiga fupi, kinyoya, yaani mpira wetu wa manyoya, kikagusa utepe wa neti na kuangukia upande wetu. Nikashusha pumzi kwa nguvu, nikampa mgongo, nikaanza kunyoosha nyuzi za raketi yangu kama mtu aliye na shughuli. Sikumwambia neno. Pointi iliyofuata mpira ulimkuta akiwa ameukaza mkono mpaka begani, akaunyanyua juu, wakatumaliza. Miezi miwili baadaye aliniambia kwa upole kwamba amechoka kucheza nami.

Vijana hunijia kuuliza juu ya smashi, lile pigo kali la kushusha, miguu, na raketi ya bei gani. Nawajibu yote. Lakini kama unataka kufika mbali katika mchezo wa wawili wawili, anza na zile sekunde chache kati ya pointi moja na nyingine. Mwenzako akikosea, mgeukie. Gusanisha raketi yako na yake, mwambie "twende", kisha mpe jambo moja la kufanya: "anzisha katikati" au "mimi nakaa mbele." Mtu aliyekosea anahitaji kazi. Ukimwacha na kosa lake tu, atalicheza tena.

Mtazameni Hendra Setiawan wa Indonesia. Alipata dhahabu ya Olimpiki Beijing 2008 akiwa na Markis Kido, ambaye walikuwa wametwaa naye ubingwa wa dunia 2007. Baadaye akaungana na Mohammad Ahsan wakawa mabingwa wa dunia 2013, 2015 na 2019. Ule wa 2019, kule Basel, waliupata siku ile ile Hendra alipotimiza miaka 35. Hakutegemea mabavu. Alikaa karibu na neti, akiukata mpira mapema ili mwenzake wa nyuma apate wa kushambulia, na uso wake ulikuwa uleule wakiwa mbele au nyuma. Mimi naamini utulivu huo ndio uliowafanya wenzake wapige bila woga.

Na yupo Greysia Polii, naye wa Indonesia. Olimpiki ya London 2012 aliondolewa mashindanoni pamoja na mwenzake wa wakati huo, katika kisa cha jozi nne zilizodaiwa kutocheza kwa nia ya kushinda. Wengi wangeacha. Kwenye fainali ya Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021, raketi yake iliharibika mpira ukiwa bado hewani. Akakimbilia pembeni kuchukua nyingine, na kwa muda huo mwenzake mpya, Apriyani Rahayu, akabaki peke yake na uwanja wenye upana wa mita 6.1. Hakulalamika, alirudisha tu mpira mpaka Greysia akarudi. Wakashinda dhahabu. Nimeitazama pointi hiyo mara nyingi sana, na kila mara namtazama Apriyani.

Jambo la pili ni katikati. Mpira unaoshuka kati yenu ndio unaovunja urafiki. Kubalianeni kabla hamjavua jaketi: mkijilinda mko sambamba, wa katikati ni wa nani? Sisi tuliamua ni wa yule ambaye mkono wake wa raketi uko katikati. Hata hivyo piga kelele, "Yangu!" Usione haya.

Halafu vinyoya. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kinyoya kinaruka mbali. Chukueni vya polepole, vyenye namba ndogo ya kasi kama 75, na msivibebe vivyo hivyo mkienda kucheza Mombasa, kwa sababu kule vitadondoka mapema. Kijaribu kwanza: simama mstari wa nyuma, kipige kutoka chini kwa nguvu zako zote. Kinafaa kianguke kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili.

Yule mwenzangu nilimpigia simu mwaka jana. Nikamwomba radhi kwa ile 19 kwa 19. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hata mimi naikumbuka." Sasa tunacheza kila Alhamisi jioni, na yeye ndiye anayeanzisha kwanza.