Mlonge, bitiruti na kopo lisilo na lebo: maswali ya wanaofanya mazoezi

Safari hii karibu maswali yote yametoka kwa watu wa jogingi na jimu, na wengi wameandika hivi: “ni ya asili, kwa hiyo haina madhara.” Muhogo mchungu nao ni wa asili, na aliyekulia kijijini anajua kwa nini bibi aliumenya, akauloweka na kuuanika kabla ya kuusaga. Nimejibu kama mfamasia anayewatakia mema.

Shikamoo mama. Nina miaka 27, nakimbia mara nne kwa wiki hapa Morogoro. Siku hizi nachoka upesi, kilima nilichokizoea nasimama katikati. Nimeshauriwa kutia kijiko cha unga wa mlonge kwenye chai kila asubuhi. Utaniongezea damu?

Marahaba mwanangu. Kabla ya mlonge, kapime damu. Uchovu wa namna hiyo kwa msichana anayekimbia na kupata hedhi mara nyingi hutokana na upungufu wa madini chuma, lakini unaweza pia kuwa malaria, mimba, au kula kidogo kuliko unachokitumia. Kwa mwanamke asiye mjamzito, damu (hemoglobini) ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ni pungufu. Hata ikifika 12, uliza kama hospitali ina kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya madini chuma mwilini, maana akiba ya madini chuma huisha kwanza, damu hushuka baadaye.

Mlonge ni mboga nzuri sana na nausifu kila nikipata nafasi. Ila kijiko cha chai cha unga wake ni gramu 2 au 3 tu, na madini chuma yaliyomo kwa kawaida hayafiki miligramu 1, wakati wewe unahitaji takriban 18 kwa siku. Halafu unautia kwenye chai! Tanini za majani ya chai huyashika madini hayo yasifyonzwe. Utie kwenye mchuzi wa dagaa, kamulia ndimu, au shushia na juisi ya ubuyu, ile ya unga mweupe, si ubuyu wa rangi na sukari. Vitamini C husaidia mwili kufyonza madini chuma ya mimea. Chai isubiri saa moja au mbili baada ya kula.

Tumia majani tu. Magome ya mizizi ya mlonge yana sumu. Na vidonge vya madini chuma usinunue kwa kubahatisha. Mwenye selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa nayo mengi kupita kiasi, na mwili hauna njia ya kuyatoa yaliyozidi.

Najiandaa na nusu marathoni ya Moshi. Juisi ya bitiruti inasaidia kweli, au ni maneno ya wauzaji?

Inasaidia, ingawa kidogo. Bitiruti ina naitreti. Bakteria wanaoishi ulimini huibadilisha, na mwishowe mwili hupata gesi inayotanua mishipa, misuli ikafanya kazi ileile kwa oksijeni pungufu. Kunywa saa 2 hadi 3 kabla ya kukimbia, na asubuhi hiyo usisukutue kwa dawa ya kuua vijidudu mdomoni, kwani utawaua haohao bakteria. Jaribu kwanza siku ya mazoezi. Mkojo ukiwa mwekundu usishtuke. Mwenye historia ya mawe kwenye figo asiifanye mazoea.

Ila usiiache sahani ukakimbilia glasi. Utafiti wa wakimbiaji wa Kenya uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta takriban robo tatu ya nishati yao inatokana na wanga, ugali ukiwa mbele.

Mwanangu ana miaka 17. Jimu wanamuuzia unga wa “kujaza misuli”, umepimwa kwenye kopo lisilo na lebo. Wanasema ni mitishamba mitupu. (Mama, Mombasa)

Dada yangu, kopo hilo lisitumike tena, hata kijiko kimoja. Bidhaa za aina hii zimekutwa mara nyingi zikiwa na steroidi, yaani dawa za homoni za kukuza misuli, ambazo hazikuandikwa popote. Kwa kijana anayekua, steroidi zinaweza kufunga mifupa mapema akabaki mfupi, kusinyaza korodani, kuotesha matiti na kuharibu ini. Akishindana, sheria za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, humtwisha mwanariadha mwenyewe chochote kitakachokutwa mwilini mwake. “Sikujua” haimfutii kosa.

Kijana wa kilo 60 anayenyanyua vyuma anatosheka na gramu 85 hadi 120 za protini kwa siku. Yai moja lina kama 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Ongeza samaki, na usingizi wa kutosha. Mazungumzo yawe ya upole, maana ukimfokea atalificha kopo.

Nina miaka 61, natembea kila alfajiri. Natumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Naweza kuongeza kapsuli za manjano na kitunguu saumu?

Hapana, mzee wangu. Manjano na saumu za kwenye mchuzi, kwa kiasi ulichozoea, endelea nazo. Kapsuli ni kitu kingine: dozi ni kubwa, na nyingi hutiwa kinachotoka kwenye pilipili manga ili manjano ifyonzwe zaidi. Pamoja na wafarini unaweza kuvuja damu, na kapsuli za manjano zimewahi kuwaumiza watu ini. Ukiwa umeshaanza, peleka makopo yote kliniki wayaone, na wafarini usiiache. Fizi zikitoka damu au choo kikiwa cheusi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Madafu baada ya jogingi yanatosha?

Kwa jogingi ya chini ya saa moja hata maji matupu yanatosha. Madafu yana potasiamu nyingi, lakini jasho hutoa zaidi chumvi, na chumvi kwenye dafu ni kidogo. Ukikimbia saa mbili kwenye jua la Dar, kula na kitu chenye chumvi. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza.