Anasema atanioa nikipungua: ipi hukumu ya saumu yangu?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Huu ni mwaka wa tatu naishi na mwanamume bila ndoa. Anasema mapenzi ya dhati hayahitaji cheti, na kwamba nikipungua mwili ndipo atakwenda kwa baba yangu. Nafunga Jumatatu na Alhamisi ili nikonde. Daku sili, na jioni namezea vidonge vya kupunguza unene. Nimeshazimia mara mbili. Nikisimama mbele ya kioo kufunga mtandio, najichukia. Je, saumu yangu inakubaliwa?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, umeuliza la saumu peke yake, nami nitaanza nalo, ingawa lililonishtua zaidi ni hilo la kioo.

Matendo huzingatiwa kwa nia. Anayefunga kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, akafurahi pia kwamba mwili wake unapata wepesi, saumu yake ni sahihi. Ama anayejinyima ili akonde tu, huyo ameshinda na njaa. Hata nia ikitengemaa, saumu ya sunna inayokuangusha chini siwezi kukuruhusu uendelee nayo, kwani katika Ramadhani yenyewe, ambayo ni faradhi, mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine. Vidonge hivyo viache leo, uende navyo kwa daktari aone ulichokuwa ukimeza. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 195, kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu.

Kuhusu kioo, nakukumbusha habari ya Abdullah bin Mas'ud, sahaba wa Mtume (s.a.w.), iliyopokewa na Imam Ahmad. Alipanda mti kukata miswaki, upepo ukawa unamyumbisha, miguu yake myembamba ikaonekana, na Maswahaba wakacheka. Mtume (s.a.w.) akawauliza wanacheka nini. Walipomjibu kwamba ni wembamba wa miguu ile, aliapa kuwa katika mizani ya Siku ya Kiyama ni mizito kuliko mlima Uhud. Yeye alichekwa kwa wembamba na wewe unasimangwa kwa unene. Wanaocheka hawakosi sababu. Kutunza siha ni wajibu, kwa kuwa mwili ni amana, na amana hutunzwa kwa upole.

Sasa huyo mwanamume. Dini haikatai kwamba mtu huvutiwa na umbo, Mtume (s.a.w.) alimwambia Mughira bin Shu'ba amtazame mwanamke aliyetaka kumposa, kwani hilo huleta maelewano baina yao. Lakini kutazama huko kuna mahali pake, nako ni kabla ya posa, ili asiyeridhika aondoke kwa heshima. Aliyekaa nawe miaka mitatu, akapata kwako kila anachokipata mume kwa mkewe, kisha akaufanya unene wako kuwa sababu ya kutotoa mahari, huyo hana hoja ya kisheria, na mimi naona amekudhulumu.

Ama kauli yake kwamba mapenzi yanatosha, Qur'ani imeiita ndoa ahadi nzito, katika Suratun Nisaa, aya ya 21. Wanazuoni wengi wameshurutisha walii, yaani msimamizi anayemwozesha mwanamke, na mashahidi. Imam Abu Hanifa, mwanzilishi wa madhehebu ya Hanafi, aliyemruhusu mwanamke baleghe kujiozesha, naye hakuacha sharti la mashahidi. Cheti si nguzo ya nikaha, hilo ni kweli, lakini ninyi mmekosa nikaha yenyewe. Maisha hayo ni haramu, na toba yake huanza kwa kutengana.

Najua si jambo jepesi, hasa ikiwa ndipo unapolala na kula. Rudi kwa baba yako, na ukichelea ghadhabu yake, mtangulize mama au shangazi azungumze naye. Huyo mwanamume mwambie mlango wa posa uko wazi kwa mwili ulio nao sasa. Akija, mkaguliwe afya na mfungishwe nikaha bila kuchelewa, asipokuja, usimfuate.

Wallahu aalam.