Karotini ya embe, retinoli ya maini

Vitamini A ya karoti na ya maini ni kitu kimoja? (Msomaji, Wete)

Si kimoja, ni ndugu. Ya maini, mayai na mafuta ya samaki ni retinoli, imeshaiva, mwili unaitumia hivyo hivyo. Karoti, boga na embe boribo zina beta-karotini, ile rangi ya chungwa, ambayo lazima kwanza ikatwe. Kimeng'enya cha utumbo huipasua katikati, zikatoka retinali mbili, kisha zikageuzwa retinoli. Kwa hesabu ya karatasi, moja imezaa mbili. Sahanini sivyo: huhitajika mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula kupata kazi ya mikrogramu 1 ya retinoli, kwani nyingi hupita tumboni bila kunyonywa.

Mume wangu anataka mchicha wa kuchemsha na chumvi tu, mimi napika kwa tui. Na mchicha si wa kijani? Karotini iko wapi? (Mpishi, Jambiani)

Imo, kijani cha majani kimeifunika. Na ugomvi huo umeshinda wewe. Karotini haiyeyuki kwenye maji, inataka mafuta. Tazama sufuria ya mchuzi uliotiwa karoti: mafuta yanayoelea juu yamegeuka rangi ya chungwa. Ndiyo karotini hiyo, imehama. Mchicha, mtoriro au kisamvu ni vivyo hivyo ukitia nazi, na si lazima kasimile tupu. Akikataa tui kabisa, mwekee samaki wa kukaanga pembeni. Mafuta ni mafuta.

Nina mimba ya miezi miwili, nakula maini kila siku niongeze damu. (Chake Chake)

Acha hiyo ya kila siku, mwanangu. Retinoli ikizidi, mwili huiweka akiba kwenye ini, na mimba ikiwa changa inaweza kumdhuru mtoto. Mpaka wa mtu mzima ni mikrogramu 3,000 kwa siku. Gramu 100 za maini ya ng'ombe hupita 4,000. Embe halina hatari hiyo, maana mwili hukata karotini kwa kadiri ya haja yake. Mambo ya damu kamwulize mkunga kliniki.

Mtoto amekula papai na boga msimu mzima, viganja vimekuwa manjano. Ini? (Mkoani)

Mfunue macho juani. Yakiwa meupe, ni karotini imekaa ngozini. Punguza boga, itaondoka. Yakiwa manjano, mpeleke hospitali leo leo.