Maswali ya Wasomaji: Ngozi Inayokakamaa

Pacha wangu wa kufanana alianza kwa vidole kufifia rangi kila baridi inapoingia. Sasa ngozi ya mikono imekakamaa na ameambiwa ni skleroderma. Tumetoka yai moja. Nami nisubiri zamu yangu? (Msomaji, Lushoto)

Hapana. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 uliangalia jozi 42 za mapacha ambazo angalau mmoja alikuwa na ugonjwa huu. Jozi ambazo wote wawili waliugua hazikufika 5 katika 100, na mapacha wa yai moja hawakuwazidi wa mayai mawili kwa maana yoyote. Herufi za DNA mnazo sawa. Kinachoweza kutofautiana ni namna zinavyosomwa: jeni ipi imefunguliwa na ipi imefungwa. Hiyo ndiyo epijenetiki. Mazingira nayo yana sehemu yake: mwaka 1957 mtafiti Erasmus alieleza skleroderma kwa wachimba dhahabu wa Witwatersrand, Afrika Kusini, waliovuta vumbi la silika.

Wewe angalia vidole vyako. Kwenye ngozi nyeusi weupe wa baridi huonekana vizuri zaidi upande wa kiganja na chini ya kucha. Vidole vikififia hivyo, vikivimba kama soseji, kiungulia kikikaa, au ngozi ikitoka madoa meupe yenye vitone vyeusi, omba kipimo cha damu cha ANA (kingamwili zinazoshambulia viini vya seli za mwili wenyewe). Kikiwa chanya peke yake si ugonjwa. Mapacha wengi wa wagonjwa, ambao wenyewe hawaumwi, nao kipimo chao huwa chanya.

Nafanya utafiti wa shahada ya pili. Fibroblasti (seli zinazotengeneza nyuzi za ngozi) za mgonjwa zinatoa kolajeni, yaani nyuzi hizo, kwa wingi hata kwenye sahani ya maabara, bila chembe za kinga. Nimeweka desitabini (dawa ya saratani ya damu inayofungua jeni zilizofungwa), lakini kolajeni haishuki. Nakosea wapi? (Mwanafunzi, Mwanza)

Jambo la kwanza ulilosema lina umri: mtafiti LeRoy aliliona mwaka 1974. Seli imetolewa mwilini, imegawanyika mara kadhaa, na bado inafuata amri ileile. Maelezo mojawapo yalitolewa mwaka 2006: kipande kinachowasha jeni ya FLI1 kimejaa methili (alama za kemikali zinazofunga jeni), jeni imezimika. FLI1 kazi yake ni kuibana kolajeni ya aina ya kwanza. Breki ikitoka, gari linateremka. Methili ilipoondolewa kwa desitabini, FLI1 ilirudi na kolajeni ikapungua.

Kosa lako huenda ni seramu, yaani majimaji ya damu yanayolisha seli kwenye sahani. Wengi hushusha seramu hadi asilimia 0.5 ili kutuliza seli kabla ya kuweka TGF-β, protini inayochochea kovu. Desitabini lakini huingia kwenye DNA wakati seli inanakili DNA yake tu. Seli iliyolala haiguswi. Anza sahani ikiwa imejaa kama theluthi, seramu asilimia 10, dawa mikromola 1, na ubadilishe kila saa 24 kwa siku tatu hadi tano, maana huoza haraka kwenye maji ya nyuzi 37. Ndipo ushushe seramu.

Mengine yanayoharibu majibu: kulinganisha ngozi ya mkono na ya tumbo (fibroblasti hukumbuka mahali zilipotoka), kupima methili kwenye kipande kizima cha ngozi, ambapo unapata wastani wa seli za kila aina, na kutumia seli zilizohamishwa sahani mara nyingi mno, kwani plastiki ni ngumu kuliko ngozi kwa mbali na ugumu wenyewe huisukuma seli kuwa ya kovu. Ukitumia bisalfaiti (kemikali ya kupimia methili), kagua kwanza sitosini zisizofuatwa na guanini, yaani herufi C za DNA zisizofuatwa na G: karibu zote zinapaswa kusomeka kama timini (T). Zisiposomeka hivyo, hiyo “methili” uliyoiona ni kazi iliyoishia njiani.

Na usiiamini sana EZH2, kimeng'enya kinachofunga jeni kwa njia nyingine. Mwaka 2013 kuizuia kuliongeza kovu. Mwaka 2019 maabara nyingine ikaona kuizuia kunalipunguza. Kwetu sisi, hilo linatosha kuonyesha kwamba swichi moja haina maana moja katika kila seli.

Nimeona mtandaoni kuna dawa ya saratani ya damu “inayofungua jeni”. Naweza kuiomba? Nina skleroderma na natumia prednisoloni (dawa ya steroidi) miligramu 20. (Mama K., Mombasa)

Usiiombe, dada. Haijaidhinishwa kwa skleroderma, na hushusha chembe za damu. Kwa mapafu yenye kovu, miongoni mwa dawa zilizopo ni mikofenoleti, na nintedanibu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019.

Kinachotuhangaisha zaidi ni hiyo 20. Prednisoloni ya kuanzia miligramu 15 kwa siku huongeza hatari ya figo kufeli ghafla, hasa ngozi ikiwa inakakamaa upesi. Usiikatishe mwenyewe, zungumza na daktari wiki hii. Wakati huohuo pima presha nyumbani na uandike. Ikipanda ghafla kuliko kawaida yako, pamoja na kichwa kuuma au macho kuwa na ukungu, nenda hospitali siku hiyohiyo na useme una skleroderma, kwa sababu dawa inayotakiwa hapo ni kaptoprili au ya jamii yake.