Ukienda Ngome ya Edinburgh, anzia juu

Wageni ninaowatembeza Edinburgh huwa na haraka ya kuona taji la wafalme wa Uskoti. Mimi nawashauri taji liwe la mwisho. Pandeni kwanza hadi kileleni, kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Margaret, jengo kongwe kuliko yote ngomeni. Mfalme David wa Kwanza alilijenga karibu mwaka 1130 kwa kumbukumbu ya mama yake. Tazameni lile tao la mawe mbele ya altare, lilivyochongwa mistari ya pembepembe. Askari wa Robert the Bruce, mfalme wa Uskoti, walipoiteka ngome mwaka 1314, aliamuru ibomolewe, Waingereza wasipate pa kujificha tena, lakini kanisa likaachwa. Baadaye liligeuzwa ghala la baruti, hata watu wakasahau kwamba liliwahi kusaliwa, mpaka karne ya 19.

Mkitoka nje, chungulieni chini. Hapo mko juu ya mwamba wa volkano iliyozimika. Pande tatu ni magenge matupu, kwa hiyo jeshi lililotaka kuingia lilitegemea zaidi mteremko wa mashariki. Shida ya mwamba ni maji. Ulizeni kilipo kisima kinachoitwa Fore Well, kwa sababu hapo ndipo historia ya ngome hii inapoeleweka. Mwaka 1573 wafuasi wa Malkia Mary wa Uskoti walikuwa wamezingirwa humo. Mizinga ikauporomosha Mnara wa David, kifusi kikaziba kisima, na bila maji wakasalimu amri. Ukuta mnene wa nusu duara mnaouona mkiingia langoni ulijengwa baada ya hapo, juu ya mabaki ya mnara huohuo, na mabaki yenyewe bado yamo ndani.

Kwenye ukumbi mkuu, wa enzi za Mfalme James wa Nne, inueni macho: paa lile la mbao ndilo la asili. Msikose pia kile chumba kidogo cha Mary, alimojifungua James wa Sita tarehe 19 Juni 1566. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kutawala Uingereza pia kuanzia 1603.

Nunueni tiketi mapema, na vaeni viatu visivyoteleza na koti la kukinga upepo. Mkiwa na watoto, waandaeni kwa mzinga unaopigwa saa saba kamili mchana, kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu chache. Ni desturi tangu 1861, na kishindo chake si mchezo.