Kabla Hujapanda Ndege ya Japani, Kaa Kikao na Nyumbani

Karibu kila kijana wa sarakasi anayepata mkataba wa Japani hunitafuta kuuliza mambo yale yale: baridi ikoje, wanakula nini, lugha yao inashikika? Nawajibu, ila hayo ndiyo mepesi. Japani kumepangwa. Ratiba utabandikiwa ukutani, basi litakuja dakika iliyoandikwa, na ukikanyaga kwa viatu mahali pa kuvua viatu kuna mtu atakuonyesha kwa upole. Kinachowamaliza wasanii wetu ni nyumbani, ambako hakuna ratiba wala karatasi iliyosainiwa, na kila mtu ana hesabu yake kichwani kuhusu pesa yako.

Njia yenyewe ni ya zamani. Marehemu Hukwe Zawose alikwenda kupiga ilimba na zeze Japani akitokea Bagamoyo, na wanasarakasi wa Tanzania na Kenya wamekuwa wakiruka kwenye bustani za burudani na hoteli za chemchemi za maji moto kwa miaka mingi. Kuna na hema kubwa pia. Sarakasi ya Kinoshita, yenye makao Okayama, ilianzishwa 1902 na mpaka leo inahamisha hema mji hadi mji, inakaa miezi kadhaa, inafungasha, inakwenda kwingine. Ukipata kazi ya kuhamahama ya namna hiyo, utaishi kwenye chumba kidogo nyuma ya hema, jirani yako Mrusi wa bembea upande huu na Mchina wa baiskeli upande ule, na jiko ni la wote. Chagua rafiki mapema kati ya hao. Lugha itajipa.

Kwenye mkataba, watu hukimbilia kuangalia tarakimu ya mshahara. Anza na fedha gani. Mwanzoni mwa 2021 dola moja ilikuwa kama yeni 104, na Julai 2024 ilifika yeni 161. Chukua mfano wa yeni 150,000 kwa mwezi: mwanzoni ni zaidi ya dola 1,400, baadaye ni kama dola 930, na wewe hujaongeza wala kupunguza hata samasoti moja. Nyumbani hawatalielewa hilo. Wataona umeanza ubahili.

Halafu kodi. Msanii anayehesabika kuwa si mkazi hukatwa asilimia 20.42 ya malipo yake. Vijana hushangaa hiyo .42 na kudhani wakala anawaibia. Hapana, ni nyongeza iliyowekwa kuanzia 2013 kulipia ujenzi mpya baada ya tetemeko na tsunami ya 2011, na sheria ilipotungwa ilisema itaendelea hadi 2037. Kwa hiyo uliza mapema: mshahara niliotajiwa ni kabla ya kukatwa au baada? Uliza pia, kwa maandishi, nani analipa hospitali nikivunjika kifundo cha mguu mazoezini, na nani analipa siku nitakazokaa bila kupanda jukwaani. Ukikaa zaidi ya miezi mitatu utapewa kadi ya ukazi na utaingizwa kwenye bima ya afya, ambayo kwa kawaida inakuachia asilimia 30 ya gharama. Asilimia 30 ya kupasuliwa goti bado ni pesa. Wakala akikujibu "usijali, mambo yote sawa", hapo ndipo pa kujali.

Na kibali cha msanii ni cha kutumbuiza. Siku yako ya mapumziko mtu akikwambia ukamsaidie kubeba maboksi ghalani kwa yeni chache za haraka, bila ruhusa ya uhamiaji hilo ni kosa, na atakayepandishwa ndege ni wewe.

Kazi yenyewe utaizoea. Siku za kawaida shoo mbili, Jumamosi na Jumapili tatu. Kuna misimu ambayo hutapumua: wiki ya sikukuu kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, siku za kuwakumbuka wazee waliotangulia katikati ya Agosti, na mwaka mpya. Agosti ndiyo mbaya zaidi. Watu wa Dar es Salaam hujidai tunalijua joto, lakini ndani ya hema la Agosti, na unyevu ule, piramidi ya watu inateleza kama samaki. Paka chaki mara mbili, na anayesimama chini kabisa afunge kitambaa mabegani.

Watazamaji wao ni kitu cha kujifunza. Kwetu ukianguka kutoka kwenye bega la mwenzako uwanja mzima unacheka, kisha wanakushangilia, yote kwa pamoja. Kule ukianguka panakuwa kimya. Mara ya kwanza kimya hicho kiliponipata nilidhani tumefukuzwa kazi. Mwenzetu wa juu alikuwa amekosa kushika, akatua vibaya, akainuka. Hakuna aliyesema neno. Tukajipanga upya, na kutoka safu za mbele mtoto mmoja akapaza sauti, "Ganbare!", yaani jikaze, wakafuata wengine, na wamama watu wazima wakaanza kupiga makofi polepole kwa mpigo mmoja mpaka jamaa akasimama juu akanyoosha mikono. Makofi yaliyofuata sijawahi kuyapata popote. Kwa hiyo ukikosea usikimbie nyuma ya pazia. Rudia. Watakusubiri.

Nyuma ya pazia nako, unapoingia kazini kila mtu unamsalimia kwa salamu ya asubuhi, hata ikiwa jioni. Ndiyo desturi ya watu wa burudani kule. Usiulize, salimia.

Chakula nisikupotezee muda. Wali wao unashikana, haufai pilau, lakini utaupenda. Mchele mrefu, viungo na nyama ya kuchinjwa utavipata maduka ya halali, na mtaa wa Shin-Okubo mjini Tokyo yamejaa. Unga wa ugali tafuta kwa Wabrazili. Mji wa Oizumi, mkoa wa Gunma, una Wabrazili wengi na maduka yao yanauza unga wa mahindi wa njano. Mama nilipomtumia picha ya huo ugali alicheka sana, akaniambia, "Mwanangu, huo si unga wa Yanga tuliokula miaka ya njaa?" Ndio huohuo kwa rangi, na ukiupika na vile visamaki vyao vikavu vya kutengenezea supu, ambavyo ni dagaa kabisa, usiku huo hutalalamika. Sisi Waislamu tunalazimika kusoma maandishi ya pakiti, au kumwonyesha muuzaji alama ya nguruwe kwenye simu na kutikisa kichwa. Misikiti ipo zaidi ya unavyofikiri. Siku moja ya mapumziko niliswali ule wa Kobe, wa kwanza nchini humo, uliofunguliwa 1935 na kubaki umesimama baada ya mabomu ya vita na tetemeko la 1995.

Sasa nyumbani.

Kuna jambo dogo la saa ambalo nilipoligundua lilinifurahisha kuliko lilivyostahili. Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Nyumbani mshale ukiwa kwenye 9 asubuhi tunasema saa tatu, tumezoea kusoma namba ya upande wa pili. Wakati huohuo, saa ya ukutani Japani mshale uko kwenye 3 hasa. Kule ikiwa 5 jioni, nyumbani ni saa tano asubuhi. Ikiwa 9 usiku, nyumbani ni saa tisa alasiri. Yaani kila saa ya mishale Japani inasoma saa ya mama yangu. Huhitaji kupiga hesabu kwenye vidole: tazama ukutani, jua wanafanya nini.

Lina faida na lina maumivu. Faida ni kwamba unaweza kuweka muda wa kupiga simu. Mimi niliweka baada ya shoo ya mwisho, nikiwa nimeoga, wao wamemaliza kula mchana. Nje ya hapo simu ilikaa kwenye begi. Ndugu walinuna mwezi wa kwanza, baadaye wakazoea. Maumivu ni siku ya msiba. Baba mdogo alifariki katika ile wiki ya sikukuu za Mei. Ujumbe ulinikuta kati ya shoo ya kwanza na ya pili. Kwetu maiti haikai, na kutoka Japani hakuna ndege ya moja kwa moja, unapita Doha au Dubai au Addis Ababa, karibu siku nzima inaisha njiani. Waliniambia maziko saa kumi. Nilifanya shoo zilizobaki. Usiku nimekaa chumbani nikaona mshale umefika kwenye 10, nikajua wanamwingiza.

Kwa hiyo ulizia kabla ya kusaini: msiba wa nani nitaruhusiwa kuondoka, na tiketi nani anakata? Kisha waambie nyumbani jibu hilo ukiwa bado umekaa nao, usiwaachie waligundue siku ya msiba wenyewe.

Hicho ndicho ninachokiita kikao. Wiki moja kabla ya kuondoka, waweke chini mama, kaka mkubwa, na mke au mume kama unaye. Mtoto wa Kitanzania kuwapangia wakubwa mambo ya pesa inaonekana utovu wa adabu, najua. Tafuta mjomba au shangazi anayesikilizwa, azungumze yeye, wewe ukae mkekani uitikie. Mambo ya kumalizika hapo ni machache. Kiasi cha kila mwezi kiwe kimoja na kisipande kwa sababu mtu kaona picha yako mtandaoni ukiwa kwenye treni ya kasi. Mikono inayopokea iwe ya mtu mmoja. Michango ya harusi na kadi zake ziwe na kikomo kwa mwaka, na anayezipokea awe huyohuyo, ajibu kwa niaba yako. Pesa ya ugonjwa ikae pembeni, isiguswe kwa ajili ya ubarikio wala ngoma ya mtoto wa jirani. Ukitoka hapo bila kukubaliana, ahirisha safari ya mjini, kaa nao tena.

Ujenzi nautenga kabisa. Mwenzangu mmoja alikuwa akitumiwa picha za nyumba yake kila mwezi: msingi, kuta, lenta. Siku moja kwenye treni tukawa tunazipekua, akaona ndoo ya bluu yenye mdomo uliopasuka imekaa palepale, pembe ileile, kwenye picha ya Machi na ya Julai. Hakugombana na mtu. Alimpigia fundi moja kwa moja, akamwambia kuanzia leo kila picha iwe na gazeti la siku hiyo limeshikwa mbele ya ukuta. Tangu siku hiyo picha zilipungua, lakini matofali yakaongezeka. Ningependa kila anayejenga akiwa mbali afanye hivyo, hata kama anayesimamia ni ndugu wa tumbo moja. Hasa akiwa wa tumbo moja.

Na usimfiche mama ugumu wote. Wasanii wengi hutuma picha za maua ya Aprili tu, nyumbani wakaamini tunaishi peponi, kisha tunalaumu kwa nini wanaomba sana. Mimi nilimtumia mama video ya chumba changu, mita chache tu, soksi zimeanikwa juu ya kitanda. "Mbona kidogo hivyo, baba?" akauliza. Tangu hapo maombi ya simu mpya yalipungua ukoo mzima, maana mama alikwisha kuisambaza ile video.

Kuhusu kurudi, fikiria ukiwa bado una magoti. Kazi hii inalipwa kwa mwili, na ukirudi utakuta vijana wa kikundi chako wameshika nafasi yako na wanaruka juu kuliko wewe. Usigombanie nafasi. Wafundishe, na ujuzi wa mkataba wape bure kwa sababu sisi wengi hatukupewa. Utakuwa pia umeharibika kwa kuwahi: utafika kwenye kikao cha saa nne saa nne kasorobo, na utakaa peke yako na mtu wa viti. Zoea.

Siku ya kuondoka kabisa, uwanja wa ndege watakutoboa tundu kwenye kadi ya ukazi, kisha utabaki nayo kama ukumbusho. Kama ulichangia pensheni yao miezi sita au zaidi, dai kiasi kinachorudishwa kabla ya miaka miwili kupita tangu utoke nchini. Fomu inatumwa kwa posta, pamoja na nakala ya pasipoti na uthibitisho wa akaunti ya benki iliyo kwa jina lako mwenyewe. Hapo ndipo Watanzania tunapokwama: pasipoti inasema Ramadhani, benki inasema Ramadhan, na jina la babu limeandikwa kwingine tu. Nenda benki ukarekebishe kabla hujasafiri, wakati bado una muda wa kupanga foleni.