Kompyuta zishaimaliza chesi?

SWALI: Mhariri shikamoo. Hapa baraza yetu Kibokoni tumebishana toka alasiri, mwenzangu ashikilia kompyuta zishaimaliza chesi kwa sababu hakuna binadamu aziwezaye tena, mimi nasema bado. Nani yuko sawa? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Marahaba. Wewe uko sawa, mwenzako achanganya mambo mawili. Kumfunga binadamu kulishafanyika zamani, kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue ilimfunga bingwa wa dunia Garry Kasparov mechi nzima mwaka 1997, lakini kuimaliza ni kujua kwa hakika, toka kete zote 32 ziko kwenye bodi, kama mweupe, yaani mwenye kete nyeupe anayeanza, ashinda ama ni sare, na hilo hakuna ajuaye.

Hebu tazama: mweupe ana njia 20 za kuanza, mweusi naye 20, yaani kila mtu kacheza mara moja tu na bodi yaweza kukaa namna 400, sasa endelea hivyo hivyo mpaka mwisho, hali halali, yaani namna zote kete zaweza kukaa kwenye bodi kwa kufuata sheria, zakadiriwa kuwa namba yenye tarakimu 45! Diski ya kuhifadhi hizo zote hakuna duniani.

Kilichomalizwa ni mwisho wa gemu, zikibaki kete 7 kushuka chini, wafalme wakiwemo. Na drafti, ile ya Waingereza na Wamarekani, ilimalizwa 2007 na Jonathan Schaeffer na wenzake huko Kanada, jibu likatoka sare. Chesi pia naamini ni sare, ila kuthibitisha kwa mashine za sasa sioni kabisa.